Ukoo wa Watu Thelathini na Saba

Hesabu ilitoka thelathini na saba. Ndewaria Kisamaro aliisoma akiwa amesimama, akaketi akaisoma tena, kisha akavua miwani akaifuta kwa upindo wa kitenge, kana kwamba vumbi la kioo ndilo lililomeza watu watatu wa ukoo wake. Alipoivaa tena namba ilikuwa palepale. Sheria ilitaka arobaini.

Alikuwa mkadiriaji wa majina wa kata ya Masaruni kwa miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo alikuwa amefunga majina ishirini na mawili kwa saini yake. Wenye majina hayo walikuja ofisini wamevaa nguo za kanisani, wakakaa kwenye benchi, wakaulizwa wanataka kuitwa nani sasa. Wengine walilia. Mzee mmoja alimporomoshea matusi ya nguoni, na Ndewaria akamwandikia jina jipya huku akitukanwa, maana foleni ilikuwa ndefu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ofisi, na ofisi humzoeza mtu kusikia bila kusikiliza.

Mambo yote yalianzia kwenye maji. Barafu ya mlima ilipokwisha, mifongo, ile mifereji ya udongo iliyochimbwa na mababu kuteremsha maji ya msituni hadi kwenye migomba, ilibaki na maji ya kugombea. Watu walikatana mapanga kwenye mabanio ya kugawia maji. Ndipo ikatungwa sheria kwamba zamu ya maji haitakwenda kwa mtu wala kwa nyumba, itakwenda kwa jina la ukoo, na jina ili lipate zamu liwe na watu arobaini walio hai. Chini ya hapo linafungwa. Zamu yake inapewa jirani wa chini, na kihamba, shamba la migomba lenye nyumba na makaburi ya wenyewe, kinafuata maji. Aliyefungiwa jina ana njia mbili: aombe kupokelewa na mzee wa jina kubwa, akae alipo chini ya jina hilo, au apewe jina la serikali na chumba kwenye maghorofa ya tambarare, ambako maji huja kwa bomba na marehemu huzikwa kwa mistari yenye namba.

Jina hufa hata pasipo sheria. Ndewaria alikuwa amelieleza hilo kwenye mikutano ya kata mpaka limemchosha. Chukua wanaume mia, kila mmoja na jina lake. Kila baba apate, kwa wastani, mtoto mmoja wa kiume; yaani mwingine atapata watatu na mwingine hatapata kabisa. Ukirudi baada ya vizazi kumi utakuta majina themanini na kitu yamekwisha, na machache yaliyobaki yamenenepa. Hakuna aliyelogwa. Ni mabinti tu, na wasiooa, na waliokufa kabla ya wakati. Ila sheria ya arobaini ilikuwa imeongeza kitu ambacho hesabu ya zamani haikukijua, nacho ni woga. Jina likishuka kwenye hamsini, vijana wake huanza kulikimbia kabla halijawaangukia. Masaruni ilianza na majina mia moja na tisa. Mengi yalifungwa kabla Ndewaria hajaanza kazi, na sasa yalikuwa kumi na manane, na Wangowari peke yao walikuwa elfu mbili na mia tatu.

Wakisamaro walikuwa hamsini na sita katika hesabu iliyopita. Kumi na wanne walihamia kwa Wangowari kwa saini zao wenyewe, watano wakafa. Wengine waliolewa, Manka, mdogo wake Ndewaria, akiwa mmojawapo. Aliolewa na Aminieli Ngowari na sasa alihesabiwa huko. Wachache waliozaliwa hawakutosha kuziba pengo. Ndewaria mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na moja, hana mume wala mtoto, na alijua watu walivyokuwa wakimtazama kanisani.

Zamani angeweza kuchakachua. Watu walihesabiwa kwa karatasi, na kwenye karatasi hizo walikuwemo marehemu wengi. Mwaka huu serikali ilikuwa imeleta mashine iitwayo Mizizi. Kila mtu alichomwa kidole, na Mizizi ikafuata damu kutoka kwa mtoto hadi kwa baba, hadi kwa baba yake baba, bila kumuuliza mtu anaitwa nani. Ndiyo maana Ndewaria aliteremka hadi mwisho wa ukurasa bila matumaini, kutimiza wajibu tu, na hapo chini akakuta mstari mwekundu.

Wenye damu ya Kisamaro walioandikwa jina jingine, ukiondoa waliohama kwa saini au kwa ndoa: sitini na mmoja.

Akafungua orodha. Wote sitini na mmoja walikuwa wa nyumba moja. Wa kwanza alikuwa Mzee Nderingo Ngowari, miaka themanini na minne, jirani wa chini wa baba yake na mkuu wa Wangowari wote wa kata. Wakafuata wanawe, wajukuu, vitukuu. Katika mstari wa thelathini na tatu alikuwepo Aminieli, shemeji yake. Chini ya Aminieli walikuwepo watoto watatu wa Manka.

Kando ya orodha palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa REJESHA, kingine ACHA. Orodha kama ile huonwa na mkadiriaji peke yake, na akibonyeza ACHA inafutika moja kwa moja. Sheria iliwekwa hivyo baada ya kata fulani kuchinjana kwa ajili ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Akibonyeza REJESHA, Wakisamaro wangekuwa tisini na wanane. Baba angebaki na maji yake, kihamba chake, na nafasi kando ya kaburi la mama. Mwisho wa kuamua ulikuwa Jumamosi adhuhuri. Ile ilikuwa Alhamisi.

Ndewaria alizima mashine, akafunga ofisi, akapanda mlimani kwa miguu.

*

Mzee Aikaeli Kisamaro alikuwa anabandua kwa kisu maganda makavu ya migomba, kazi ambayo katika miaka sabini na sita ya maisha yake hakuwahi kumwachia mtu mwingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Umefukuzwa kazi?"

"Tumepungukiwa watu watatu."

Mzee akabandua ganda jingine. "Nilijua. Tangu ndugu yetu Eliamini afe nilijua."

"Baba, babu alizaa mtoto kwa Wangowari?"

Kisu kilisimama. Ndewaria alimwona baba yake akigeuka polepole na kutazama chini, kule kwenye migomba ya Mzee Nderingo, kisha akamtazama yeye.

"Nani amekuambia?"

"Damu imesema. Mashine."

"Basi hiyo mashine haina adabu," mzee akasema, na akaketi juu ya rundo la maganda.

Alisimulia taratibu, akivuta maneno kama mtu anayetoa mwiba. Baba yake Nderingo, Ndesario, alikaa miaka tisa na mke bila mtoto. Mke alipelekwa kwa waganga wote wa mlima, akanyweshwa kila mzizi, kumbe shida haikuwa kwake. Ndesario alipoligundua hilo hakumwambia mtu. Siku moja alikuja katika kihamba hiki ameshika jani la isale lililofungwa fundo, lile jani refu la kijani ambalo watu wa mlima hulipanda kwenye mipaka na makaburi, na ambalo mtu akikujia nalo huwezi kumrudisha mikono mitupu.

"Watu huja na isale kuomba msamaha," Mzee Aikaeli alisema. "Yeye alikuja kumwomba babu yako mtoto."

"Na yule mama? Kuna aliyemuuliza yeye?"

"Alikubali. Alikuwa amechoka kuitwa tasa. Basi wakashika lile jani wote watatu, wakaapa. Mtoto ni wa Ndesario, na kinywa cha Kisamaro hakitamtaja kamwe. Baba aliniambia siku anakata roho, akanishikisha isale nami niape. Miaka hamsini na miwili sijasema. Leo sijasema, umesema wewe."

Ndewaria akapaza sauti. "Na Manka je? Ulimwacha Manka aolewe na damu yake! Mtu wa ukoo wake mwenyewe!"

"Unadhani sikuhangaika?" Sauti ya mzee ilipasuka. "Walipokuja kuposa nilisema kijana hana kazi. Akapata kazi. Nikasema Manka ni mdogo. Akakua. Nikasema naumwa, wakangoja nikapona. Nilikuwa na neno moja tu la kuizuia ile ndoa, na neno lenyewe nililiapia. Nilikaa pale nikawatazama wakinywa pombe ya mbege, nikacheka nao. Wiki nzima baada ya harusi sikula, mkasema ni malaria."

Ndewaria alijua vizuri kitakachofuata akibonyeza REJESHA. Watu wa ukoo mmoja hawaoani, na wazee wa pande zote mbili wangeivunja ndoa ya Manka kabla ya mwezi kwisha. Wale watoto watatu wangeitwa majina ambayo hata kuyafikiria hakutaka. Nderingo, katika uzee wake, angeambiwa kwamba baba aliyemzika kwa heshima si baba yake, na mama yake angesemwa kaburini na kila mnywa pombe wa Masaruni. Na wote sitini na mmoja wangekuwa wamekosa nini? Walikuwa wamezaliwa tu.

Lakini upande wa pili alikuwepo baba yake, akiwa na kisu mkononi na udongo kwenye kucha, akiteremshwa tambarare kwa lori.

"Usibonyeze," Mzee Aikaeli akasema.

"Watakuhamisha, baba. Hutalala karibu na mama."

"Kuna njia. Kesho nitakwenda kwa Nderingo nimwombe anipokee. Nitaitwa Ngowari, basi. Jina litakufa lakini mimi nitabaki hapa." Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile Ndewaria aliona kitu kama furaha machoni pake. "Hawezi kukataa. Damu huwa inajua, hata kama mtu hajui."

Ndewaria alitaka sana kuamini hivyo. Njia ile haikumwumiza mtu. Alishuka mlimani akiomba Mungu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi.

*

Ijumaa baada ya saa tisa walikwenda. Mzee Aikaeli alivaa koti lake la harusi ya Manka. Uani kwa Mzee Nderingo palikuwa na saruji safi na mapipa sita ya maji yenye vifuniko, na Manka ndiye aliyewatolea viti. Alimpigia baba yake goti, akaleta mbege katika kata ya kibuyu, kisha akarudi nyuma na kusimama karibu na mlango wa jiko, kama mkamwana anavyotakiwa.

Mzee Nderingo alitoka akiegemea fimbo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa. Ndewaria alimjua tangu utotoni na hakuwahi kumtazama. Sasa alimtazama, akaona masikio ya baba yake, akaona na namna alivyoketi, mguu mmoja juu ya kisigino cha mwingine. Akageuza uso upande wa mapipa.

"Mbe Nderingo," baba yake alianza, kwa heshima ya watu wa mlimani, "hesabu yetu imepungua. Kesho jina langu linafungwa. Nimekuja unipokee, mimi na huyu binti na wazee wawili waliobaki kule juu. Wengine wameshapata pa kwenda. Sitaki ardhi zaidi. Sitaki kukaa kwenye kikao cha ukoo. Nataka nife pale nilipo."

Mzee Nderingo alinywa, akampa mwenzake kata, akafuta mdomo. Ilionekana wazi kwamba hakupenda kuyasema aliyokuwa anataka kuyasema.

"Aikaeli, tumeishi mpaka mmoja maisha yetu yote. Hatujagombana hata siku moja."

"Hata moja."

"Tangu hesabu iliyopita tumepokea vijana wenu kumi na wanne. Zamu ya maji ni ileile, midomo imeongezeka. Wanangu wananiambia maji yamekuwa ya kulamba. Tukakubaliana kwenye kikao, nami ndiye niliyetia saini, kwamba tutapokea wenye umri wa kuzaa tu. Binti yako..." Alimtazama Ndewaria kwa huruma, akaiacha sentensi hiyo. "Na mzee, usinielewe vibaya. Mzee akiingia leo tunamwandika, kesho tunamfuta. Tutakuwa tumempa mtu maji, naye haongezi hesabu."

"Ni migomba michache tu."

"Nikikupokea wewe, watakuja wengine kumi wenye umri kama wetu. Nitawaambia nini? Kwamba wewe ni nani kwangu?"

Mtoto wa mwisho wa Manka, msichana wa miaka minne, alitoka mbio jikoni akajitupa magotini pa Mzee Nderingo, naye akampakata bila kumtazama, kwa mazoea. Ndewaria alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, neno moja la kumfanya mzee huyu asimame na kuangusha fimbo yake. Akamtazama yule mtoto. Akamtazama Manka mlangoni, machozi yakimshuka na mikono ikiwa imekunjwa kwenye aproni, asiyeruhusiwa kusema kwa ajili ya baba yake katika boma la watu. Ndewaria akafunga mdomo.

"Nimekuelewa," Mzee Aikaeli akasema. Akamalizia mbege yote, maana kuacha kungekuwa kama kununa, akashukuru, akaaga.

Njiani Ndewaria hakuweza tena kujizuia. "Sasa nitabonyeza. Amejitakia mwenyewe."

"Amejitakia nini? Hajui anamnyima nani." Mzee alisimama kuvuta pumzi, mkono kwenye mti wa kahawa. "Mimi ndiye ninayejua, Ndewaria. Yeye akikosea, amekosea kwa kutojua. Nikisema leo, nitakuwa nimesema kwa sababu ya maji tu. Miaka yote hiyo ya kunyamaza itakuwa ilikuwa ya kungojea bei tu."

"Na mimi je? Mimi sikuapa kitu."

"Wewe hukuapa," mzee alikubali. "Kwa hiyo ukifanya, sitakulaumu. Lakini kwenye kihamba hicho sitakaa."

Akaendelea kupanda, polepole, bila kugeuka kuona kama anafuatwa.

*

Jumamosi saa tano na nusu Ndewaria alikuwa peke yake ofisini. Aliifungua orodha mara ya mwisho akayasoma majina yote sitini na mmoja, mpaka kwa yule msichana wa miaka minne. Kidole kilisimama juu ya REJESHA muda mrefu. Alimchukia babu yake. Alimchukia Ndesario na jani lake. Alimchukia hata baba yake, kwa kuwa mwema kwa namna inayowagharimu watu wengine, kisha akajisikia vibaya kwa kumchukia.

Akabonyeza ACHA. Orodha ikafutika, na kwenye kioo likabaki swali la kama jina lifungwe, ambalo alikuwa amelijibu mara ishirini na mbili. Akaweka saini. Mizizi ikatafuta katika majina ya serikali lile lenye nafasi, ikampangia yeye na baba yake jina la Maendeleo.

Sheria ilitaka mwenye jina lililofungwa azibe banio lake mwenyewe, mbele ya mkadiriaji, siku hiyohiyo. Ndewaria alimkuta baba yake ameshaanza. Alikuwa amekata shina la mgomba, akalipasua, akalilaza kwenye mdomo wa banio, na sasa alikuwa anakandika udongo wa mfinyanzi kwenye nyufa. Hakuwa na haraka. Kila palipovuja alirudia, akibonyeza kwa dole gumba, hadi upande wa kihamba chake ukawa tope tupu na maji yote yakageukia chini.

"Maji yasipotee njiani," alisema. "Nenda kaangalie kama yamefika."

Ndewaria alifuata mfongo hadi mpakani. Yalikuwa yamefika. Yalikuwa yanaingia kwenye migomba ya Wangowari kwa nguvu, yakibeba majani makavu, na watoto walikuwa wanayarukia wakipiga kelele. Mzee Nderingo alikuwa amesimama kando, fimbo mkononi, kandambili zimelowa. Alipomwona Ndewaria alivua kofia.

"Mwambie baba yako asante," alisema. "Mwambie namshukuru sana. Wengine wakifungiwa huharibu banio kwa hasira. Yeye amefanya kiungwana."

Ndewaria alipanda tena. Baba yake alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mfongo, mikono ina udongo hadi kwenye viwiko.

"Yamefika?"

"Yamefika, baba. Mzee Nderingo anasema asante."

"Amesema kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

Mzee Aikaeli alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyepokea zawadi ndogo kuliko alivyoahidiwa. Halafu akafunika uso kwa ile mikono yenye udongo, akalia kwa sauti, na Ndewaria akaketi kando yake kwenye tope, akamshika bega mpaka lori la tambarare lilipopiga honi kule barabarani.